Ofisi ya ramani pale Sakina, jengo la abiria walilotuchorea mwanga wameuweza

Wale mnaotafuta mtu wa kuchora ramani hapa Arusha, hasa ya jengo la watu wengi, hii ofisi ya Sakina ghorofani naipa nyota nne. Kampuni yetu ya utalii ilitaka jengo dogo la abiria kwenye kiwanja cha ndege cha kambi, ndege zenyewe ni zile ndogo zinatua mchana tu, umeme ni wa sola, kwa hiyo jua ndo taa yetu.

Tulienda na picha ya mtandaoni, paa kioo kitupu. Mchoraji akakataa kistaarabu, akasema huku digrii kama 3 kusini mwa ikweta jua la saa sita linakaa karibu na utosi mwaka mzima, abiria mtawaoka. Akatengeneza kijumba cha boksi akakiweka juani tukachungulia ndani tukaona wenyewe, hapo bosi akanyamaza.

Sasa ranwei yetu imelala kaskazini kusini, kila mtu alitaka kioo upande wa magharibi aone ndege, lakini saa kumi jioni jua linaingia chini chini na upenu hausaidii kitu. Jamaa akalilaza jengo mashariki magharibi, ukuta wa magharibi ukawa vyoo na stoo ya mizigo, madirisha akayaweka juu kaskazini na kusini, maana mchana wa Juni jua linapita kaskazini na Desemba kusini ila liko juu, upenu wa kawaida tu unalikata. Dari nyeupe inausambaza mwanga, mchana hatuwashi taa kabisa. Ndege unaziangalia ukiwa barazani, na hiyo baraza ndo imenifurahisha kuliko vyote, mtu anatoka kwenye jua kali macho yanazoea kwanza kivulini, akiingia ndani haoni giza, mama mwenye mtoto mgongoni hajikwai.

Nyota moja nimekata kwa sababu ramani zilichelewa sana na ujenzi ulipoanza simu zao hazipokelewi, fundi anatuuliza sisi. Halafu yale madirisha ya juu nani anapanda kuyafuta? Vumbi la mbugani mnalijua, yakichafuka mwanga unapungua. Mkienda mwambieni achore na njia ya kuyafikia tangu mwanzo, na hela ya mwisho msitoe mpaka ramani zote ziwe mkononi.