Tufaha la unga: lipi ununue Mombasa, lipi uliache

Jumamosi iliyopita nilinunua matufaha mekundu sita kwa muuzaji wa mkokoteni, shilingi 40 kila moja, yanang'aa kama yamepakwa mafuta ya nazi. Nyumbani mwanangu akauma mara moja tu. "Mama, huu ni muhogo." Na kweli. Muhogo ukiwa unga tunausifu, tufaha likiwa unga umetupa pesa.

Kwa hiyo leo rangi na ukubwa siviangalii, rangi ndiyo iliyoniponza. Naangalia unga tu. Matufaha mengi tunayouziwa hutoka Afrika Kusini, ambako msimu mkubwa wa kuvuna ni Februari hadi Mei. Hufungiwa kwenye vyumba vya baridi vilivyopunguzwa oksijeni na mengine hulala humo miezi. Hubaki magumu, ila harufu inafifia. Yakija kukaa kwenye joto letu, muda si muda chembe za nyama yake huachana badala ya kupasuka mdomoni, maji yakabaki yamefungwa ndani. Ndiyo maana unatafuna tunda lenye maji na kinywa kimekauka.

Kati ya aina za dukani, la kwanza kwangu ni Pink Lady, na mapenzi yangu siyafichi. Mzalishaji wake, John Cripps wa Australia, alichanganya aina mbili za tufaha, Golden Delicious na Lady Williams. Huchelewa kuiva mtini, nyama yake imeshikana, na ule uchachu hauliachi upesi. Ni ghali, najua. Nanunua mawili badala ya manne.

La pili ni Fuji, gumu na tamu mno. Granny Smith ni la wale wa kuchovya pilipili na chumvi kama embe bichi. Mimi ni mmoja wao. Gala ukilipata jipya, ulile siku hiyohiyo, usilingoje. Red Delicious ndilo lililoniumiza: Marekani walilichagulia wekundu miaka na miaka, ladha ikaachwa nyuma, na wekundu huo huficha uzee. Yale madogo ya fungu yapikie jemu.

Na ya nyumbani je? Wifi yangu wa Nyeri ana miti mitatu nyuma ya jiko. (Huku Pwani mti huo unakosa baridi yake. Matofaa yetu ya uani, yale ya maji maji, ni tunda jingine kabisa.) Alinitumia katoni kwa basi la usiku: madogo, yana madoa, moja lina tundu la mdudu. Kabla sijafungua, sebule nzima inanukia. Yaliivia mtini, na hata Pink Lady langu halina harufu ile. Lakini wiki haikuisha, yaliyobaki nayo yakawa unga. Ukiletewa, yale upesi na majirani wagawie.

Dukani lipime mkononi, liwe zito kuliko linavyoonekana. Kisha ligonge kwa ukucha: zima hulia ko, la unga hunyamaza. Hapo ndipo ugomvi wangu na wauzaji. Wana muda wa kuyafuta kwa kitambaa asubuhi kutwa, ila ukigusa moja, nongwa. Juzi mmoja aliniuliza, "Dada, wanunua au wapiga hodi?" Nikamwambia napiga hodi, na humu ndani hakuna mtu.