The Wonderful Wizard of Oz: kitabu ambacho laana ina bei na nyani wana kesi ya kujibiwa

Kama unapenda stori za safari za kichawi, zile za kundi la watu walioandamwa na laana, kila mmoja na kasoro yake, wanakatiza misitu na wanyama wanaoongea, basi hayo mavitabu mapya yenye juzuu saba saba yaweke pembeni kwanza uanze na hiki cha L. Frank Baum. Kilitoka 1900 kule Chicago, kina sura 24 fupi fupi, na mpaka leo sijaona kitabu kinachoichukulia laana kwa uzito hivi. Nasema laana, sio uchawi, maana uchawi kila kitabu kinao. Humu laana ina aliyeiomba, ina aliyelipwa, ina masharti yake, na kuna mtu anabaki anaibeba miaka nenda rudi. Nakipa nyota nne, na nitasema ya tano imekwama wapi.

Nitataja mengi ya ndani, asiyetaka kujua mapema asiendelee. Kwa kifupi, Dorothy ni msichana wa Kansas anayebebwa na kimbunga mpaka nchi ya Oz, na anasafiri na Sanamu ya kutishia ndege, Mkata Miti wa Bati na Simba kwenda kuomba msaada kwa mchawi ambaye naye anaitwa Oz.

Kukipata ni rahisi. Hakimiliki ilishaisha zamani kwa hiyo kiko bure kabisa kwenye maktaba ya mtandaoni Project Gutenberg, unakishusha kwenye simu unasoma hata bando likiisha, na ukichoka kusoma LibriVox wana sauti, watu wa kujitolea wanakusomea. Ila ushauri wangu tafuta toleo lenye picha za W. W. Denslow, usichukue maandishi matupu. Zile picha sio pambo, Baum na Denslow walikuwa wanamiliki hakimiliki ya kitabu pamoja, na kwenye toleo la kwanza rangi ya picha inabadilika kufuata nchi wanayopita wasafiri, kwa watu wa Munchkin bluu, Jiji la Zumaridi kijani, kwa Winkie njano, kwa Quadling nyekundu, na Kansas ni kijivu tu. Yani unafungua ukurasa unajua wako wapi kabla hujasoma hata mstari mmoja. Nimeona matoleo ya bei chee yamezichapa zote nyeusi na nyeupe, hayo achana nayo.

Sasa tuje kwenye laana zenyewe.

Huyu Mkata Miti wa Bati wengi wanamjua kama jamaa la bati linalotaka moyo, imeishia hapo. Kumbe kwenye kitabu alikuwa mtu wa kawaida kabisa, mwili na damu, anakata miti na amempenda binti mmoja wa Munchkin. Binti anaishi na bibi mmoja mvivu ambaye hataki aolewe kwa sababu nani atapika na nani atafanya kazi za nyumbani. Bibi anaenda kwa Mchawi Mbaya wa Mashariki anamuahidi kondoo wawili na ng'ombe mmoja azuie hiyo ndoa. Ndo bei hiyo. Mchawi anaroga shoka la kijana, siku moja linateleza linamkata mguu wa kushoto. Anaenda kwa fundi bati anatengenezewa mguu wa bati, anarudi kazini maana bado anataka nyumba ya kuolea. Shoka linakata wa kulia. Anarudi kwa fundi. Inaenda mikono, mmoja baada ya mwingine, inaenda kichwa, na kila mara fundi anaziba na kijana anaendelea kukata miti kwa ajili ya binti, na mchawi anaona hamuwezi hivi, ndo akafanya shoka limpasue kiwiliwili chenyewe. Fundi akamuwekea kiwiliwili cha bati, kikafunga vizuri, anatembea vizuri, ila moyo umeenda na hajali tena kama ataoa au haoi.

Hebu soma tena hapo. Laana haikufanikiwa kwa kumuua, imefanikiwa kwa kumfanya asijali. Na yeye wakati huo alikuwa anajisikia vizuri, anajivunia mwili unavyong'aa juani, mpaka siku aliponyeshewa akapata kutu akasimama msituni mwaka mzima shoka likiwa juu, ndo akapata muda wa kufikiri amepoteza nini. Baum anayasema haya yote kwa kurasa chache, sauti ya kawaida kabisa, hakuna mbwembwe, hakuna kukulazimisha ulie, na mimi naona hapo ndo ukali wake ulipo.

Kuna sehemu nyingine ndogo ambayo naipenda kupita kiasi, sura ya 6. Jamaa wa Bati anatembea anakanyaga mdudu barabarani bila kukusudia, analia, machozi yanashuka usoni mpaka kwenye bawaba za taya, taya linashika kutu. Anajaribu kumuonyesha Dorothy kwa ishara, Dorothy haelewi. Simba naye haelewi. Anayeelewa ni ile Sanamu ya kutishia ndege, ambayo ndo inaenda kuomba akili, inachukua kopo la mafuta kwenye kikapu inampaka taya. Mwandishi hasemi chochote, hakuambii ona sasa nani ana akili, anaendelea na safari. Angekuwa mwingine angetupigia kengele hapo.

Halafu wanyama. Kwenye stori nyingi za aina hii mnyama anayeongea ni mchekeshaji wa kundi, yupo kusema neno la kuchekesha na kubebwa begani. Humu kila mnyama ana shughuli zake na ana hesabu zake za nani anamdai na yeye anamdai nani. Korongo anamtoa Sanamu katikati ya mto kwa sababu tu ni mwepesi, anahofia kwanza uzito, na akishamaliza anaaga, ana watoto wanamsubiri kwenye kiota. Malkia wa panya anaokolewa na Jamaa wa Bati asiliwe na paka pori, palepale mmoja wa panya wake anauliza tukulipeni nini, na Simba kwa wakati huo kalala fofofo kwenye yale maua mekundu ya kulevya, ni mzito hawezi kubebwa. Basi Jamaa wa Bati anatengeneza mkokoteni kwa matawi, magurudumu ni vipande vya gogo, panya wanakuja kwa maelfu kila mmoja na kipande cha uzi mdomoni, wanafungwa kwenye mkokoteni, na Sanamu na yule wa Bati wanasukuma kwa nyuma. Simba anaamka anaambiwa aliyekuokoa ni panya. Na alivyo mkubwa anasema wazi kwamba inashangaza vitu vidogo hivi vimemuokoa, haoni aibu kukiri.

(Kuna kosa hapo, wasomaji makini watalikuta: malkia anaondoka akisema mkituhitaji njooni uwanjani muite, halafu mbele kwenye sura ya 14 Dorothy anapuliza filimbi ambayo eti malkia alimpa. Filimbi gani? Hatukuiona ikitolewa. Mhariri alilala hapo.)

Ila kilichonifanya niandike hii rivyu yote ni nyani wenye mabawa. Watu wengi wanawajua kwa ile muvi ya 1939 na wanawajua kama jeshi la mchawi, viumbe vya kutisha watoto, basi. Kwenye kitabu wana sura yao wenyewe ambapo mfalme wao anawabeba kina Dorothy angani huku akisimulia, na anasimulia hivi: zamani walikuwa huru msituni, wanakula matunda, wanafanya utundu wao bila kumuita mtu bwana. Huko kaskazini kulikuwa na binti mfalme anaitwa Gayelette, mchawi mwenye nguvu ila mtu mwema, anayekaa kasri la rubi, ana mchumba anaitwa Quelala. Siku moja, harusi ikiwa imekaribia, Quelala anatembea kando ya mto kavaa hariri na mahameli, mfalme wa nyani wa wakati ule, babu yake huyu anayesimulia, akaona hapa pana mzaha mzuri, wakamrusha mtoni. Quelala mwenyewe aliogelea akatoka anacheka! Lakini bibi harusi akakasirika, akataka nyani wote wafungwe mabawa wazamishwe, Quelala akawaombea, mwisho adhabu ikawa yeyote mwenye ile Kofia ya Dhahabu atawatuma mara tatu. Na kofia yenyewe ilikuwa zawadi ya harusi iliyosemekana imemla Gayelette nusu ya ufalme wake.

Kwa hiyo babu kafanya mzaha, aliyefanyiwa kasamehe, na wajukuu bado wanatumwa. Wakatumwa na Mchawi wa Magharibi kuwafanya Winkie watumwa, wakatumwa kumfukuza Oz kule magharibi, wakatumwa kwa mara ya tatu kuwaangamiza hawa wasafiri wetu, na kweli walimtupa Jamaa wa Bati kwenye mawe wakamnyofoa Sanamu majani yote. Halafu kofia inahamia kwa Dorothy na walewale wanambeba yeye kwa adabu. Hawana ubaya, hawana wema, hawana hata ruhusa ya kuchagua. Na ndo maana mwishoni Glinda, mchawi mwema wa kusini, akishatumia zamu zake tatu kuwarudisha kina Simba makwao, anamkabidhi mfalme wa nyani kofia yenyewe ili wawe huru moja kwa moja, mimi hapo ndo nilipofurahi kuliko hata Dorothy alipofika nyumbani. Muvi ilikata haya yote. Iliacha mabawa ikatupa kesi.

Na kwa kuwa nimeitaja hiyo muvi, mbili tatu za haraka. Viatu kwenye kitabu ni vya fedha, sio vyekundu, wekundu uliletwa ili rangi ionekane vizuri kwenye filamu. Na safari sio ndoto! Dorothy anarudi anakuta mjomba Henry kajenga nyumba mpya, kwa sababu ile ya zamani kimbunga kiliibeba kweli na iko kule Oz. Kwangu hiyo ni tofauti kubwa mno, ukishaambiwa ilikuwa ndoto nyani wote na panya wote wanakuwa hawakuteseka na hawakusaidia mtu.

Mapungufu yapo. Oz akishaondoka na puto lake sura ya 17 kitabu kinalegea, wanatembea tena kusini wanakutana na miti inayopigana, nchi ya watu wa kauri, watu wa vichwa vya nyundo, vimepangwa tu kimoja baada ya kingine na ukiviondoa vyote safari haitikisiki. Kingine, Baum kwenye dibaji anaahidi kitabu kisicho na majonzi wala ndoto mbaya za usiku, halafu sura ya 12 Jamaa wa Bati anakata vichwa vya mbwa mwitu 40 mmoja baada ya mwingine na Sanamu ananyonga kunguru 40. Ukimsomea mtoto mdogo sana jiandae kwa maswali.

Ila nyota ya tano imekwama kwa yule binti wa Munchkin. Jamaa wa Bati anasema kabisa kwa mdomo wake, nikipewa moyo narudi kumuoa. Anapewa. Oz anamtoboa kifua kwa mkasi wa fundi bati, anaingiza moyo wa hariri uliojazwa vumbi la mbao, analehemu kiraka, jamaa anashukuru. Halafu anaenda kuwa mtawala wa Winkie na binti hatajwi tena! Kwenye kitabu ambacho panya analipa deni na korongo anamsaidia mtu asiyemjua, huyu mwenye moyo laini kuliko wote anaacha ahadi njiani na hakuna anayemuuliza, si Dorothy, si mwandishi. Limeniuma kweli, maana laana ile ya kondoo wawili na ng'ombe mmoja ndo imeshinda, bibi mvivu kapata alichokilipia.

Nadhani lilimsumbua Baum pia, maana kwenye vitabu 14 alivyoandika vya Oz, cha 12 kinaitwa The Tin Woodman of Oz, kilitoka 1918, na humo jamaa anaanza safari kwenda kumtafuta huyo binti baada ya miaka yote hiyo. Na chenyewe kiko bure. Ukimaliza hiki na bado unamuwaza yule binti, nenda nacho moja kwa moja, vya katikati unaweza kuvirudia baadae. Sitasema anamkuta na nani.