Tkinter kwenye duka la vitenge: uzoefu wangu

Yaya, dada yangu mkubwa, anauza vitenge karibu na soko la Kenya (ni mtaa, si nchi), hapa Lubumbashi, Kongo. Bei anaitaja kwa dola, mteja analipa kwa faranga, na kiwango hakikai. Simu yake ina kikokotoo, lakini akiwa amekunjua kitambaa mikononi na wateja watatu wanauliza kwa pamoja, sifuri moja inapotea hivihivi. Akaniambia: "Mudogo yangu, nitengenezee kitu mu laptopu, nibonyeze mara moja tu."

Nilichagua Tkinter, maktaba ya kutengeneza madirisha na vitufe kwa lugha ya programu ya Python, kwa sababu haikunimalizia mega za intaneti. Ukisakinisha Python kwenye Windows, Tkinter inakuja humohumo. (Wa Ubuntu, ongezeni kifurushi cha python3-tk mapema, kabla bando halijaisha.) Laptopu ya yaya ni kuukuu, RAM giga 2, na bado dirisha linafunguka papo hapo.

Kazi yenyewe ni ndogo. Unaunda dirisha, ndani yake unaweka Frame, yaani paneli ya kushikilia vitu. Juu ya paneli nilipanga visanduku viwili vya kuandikia, cha dola na cha kiwango, kisha kitufe cha "Badilisha" na lebo yenye herufi kubwa ya kuonyesha faranga. Mwishoni mainloop, amri ya kuliacha dirisha wazi likisubiri mibonyezo; ukiisahau, programu inamaliza na dirisha hulioni. Mistari kama 30, jioni moja, nusu yake kwa betri maana umeme ulikuwa umekwenda.

Nilijikwaa mara mbili. Kwanza nilichanganya pack na grid, njia mbili za kupanga vitu, ndani ya paneli moja, ikakataa, chagua moja. Pili, kwenye kitufe, pa kutaja hesabu ya kufanya kikibonyezwa (niliiita badili), niliandika command=badili() na mabano yake, hesabu ikajifanya yenyewe dirisha lilipofunguka, halafu kitufe kikawa pambo. Ukitoa mabano, kinaitika.

Lakini kilichonitoa jasho kilikuja siku ya kwanza dukani. Yaya akaandika 12,5 na kiwango 2800, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. "Hii dirisha ilikufa?" Haikuwa imekufa: lilisogea, lilijikunja, visanduku viliandikika. Hesabu tu ndiyo haikutoka. Mteja akaondoka na simu ya yaya ikarudi kazini.

Nyumbani niliiendesha kupitia terminali, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaona: ValueError, yaani kilichoandikwa hakisomeki kama namba. Sisi tumefundishwa kwa Kifaransa, nusu tunaiandika kwa koma. Python inataka nukta. Mimi nilipojaribu nilikuwa nimeandika namba nzima tu. Na hapa ndipo ninapoinyima Tkinter alama: kosa likitokea ndani ya kazi ya kitufe, haifungi dirisha wala haimwambii mtumiaji lolote. Inaandika kosa kwenye terminali na kuendelea. Nami faili nilikuwa nimeihifadhi kama .pyw, inayofunguka bila terminali, ili lile dirisha jeusi lisimtishe yaya, kwa hiyo kosa halikuwa na pa kuonekana. Dawa: replace ya kugeuza koma kuwa nukta kabla ya float (inayogeuza maandishi kuwa namba), na try ya kunasa kosa, yenye messagebox, kidirisha cha ujumbe, ya kusema "Andika namba". Mistari mitano.

Sura yake ni ya kizee, sitaficha. Tk, ambayo Tkinter imejengwa juu yake, ilitengenezwa na John Ousterhout huko Berkeley, Marekani, ikatoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, na vitufe vya kawaida bado vinaonyesha umri. Vya ttk, seti mpya zaidi iliyomo humohumo, vina nafuu. Yaya hajalalamika, anachotazama ni ile 35000 kubwa katikati, na siku hizi anamgeuzia mteja skrini aisome mwenyewe, ubishi unaisha.

Sasa anataka na kwacha, kwa sababu mzigo mwingine anaufuata Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Nimeongeza kisanduku cha tatu, na kitu cha kwanza nilichoandika humo kupima ni koma.