Begi la "kuzuia wizi": zipu iko poa, kufuli ni urembo tu

Hili begi la mgongoni lisiloonekana zipu nimelitumia kwenye basi na treni, asubuhi ile ya kubanana na jioni pia, na kwa kuwa kila mtu anaulizia basi niseme nilichokiona.

Zipu wamepatia. Mdomo wa begi unakaa upande unaogusa mgongo wako, kwa hiyo ukishalivaa hakuna mkono utakaoingia kimyakimya, na kwenye gari lililojaa mchezo ndio huo, mmoja anakusukuma, mwingine anakuuliza kituo, wa tatu anafanya kazi yake nyuma. Ndani kuna kitambaa kigumu cha kuzuia wembe, nikakijaribu kwa chini, cha juu kikachanika cha ndani kikagoma. Ila mikanda ya mabegani ni sponji na kitambaa basi, mwenye wembe akitaka anaondoka na begi zima.

Kufuli ya namba sasa... jamani. Zipu ya meno ya plastiki unaichoma katikati kwa ncha ya peni inaachia yenyewe, mtu anachukua chake, halafu anaburuza vile vishikio pamoja na kufuli yao, zipu inajifunga tena kama haijaguswa. Na tundu la USB kwa nje nalo sijalielewa, kebo ikining'inia hapo si unatangaza kwamba ndani kuna pawabanki? Ule mfuko wa kuzuia kadi ya benki isisomwe na mwizi kwa mbali haudhuru kitu, ila kadi za kugusisha zinasomwa kwa sentimita chache tu, usilipie hela zaidi kwa ajili yake.

Kitu wauzaji hawasemi, ukilivua ukaliweka chini au juu kwenye rafu ule mdomo unageukia abiria wenzako, kwa hiyo ukikaa lipakate zipu ikuangalie wewe. Halafu ni jeusi, halina mfuko nje, ukiliacha kwenye kiti ukasogea kidogo watu wanaanza kulikodolea macho, na wako sahihi kabisa, begi lisilo na mwenyewe haliguswi wala halifunguliwi, unamwambia dereva au konda.

Simu pia halikulindii. Simu inaondokea mkononi, umekaa karibu na mlango unachati, jamaa anasubiri mlango ukaribie kufungwa anakwapua anaruka nje, gari linaondoka na wewe ndani unapiga kelele. Hapo dawa ni kukaa mbali na mlango, na kubonyeza *#06# leo leo uandike namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yako, mahali pengine, maana polisi na mtandao wa simu watakuuliza hiyo.

Nyota tatu. Ya nne ningetoa kama wangeitupa hiyo kufuli wakaweka waya ndani ya mikanda.