Pazo za Mbao kwa Watu Wazima: Ipi Inunuliwe Kwanza na Ipi Isubiri

Mtu anayetafuta pazo ya mbao, yaani picha iliyokatwa vipande ili iunganishwe upya, kwa mara ya kwanza huuliza idadi ya vipande kabla ya jambo jingine lolote. Swali hilo linaeleweka, kwa kuwa ndivyo pazo za kadibodi zinavyouzwa: 500, 1,000, 2,000, na aliyemaliza ya 2,000 hujiona amefika. Kwenye mbao hesabu hiyo hupotosha. Pazo ya mbao ya vipande 250, ikiwa imekatwa kwa ustadi, inaweza kumshughulisha mtu kwa muda uleule anaoutumia kwenye kadibodi ya 500, kwa sababu maumbo yake hayajirudii, kingo zake si lazima ziwe zimenyooka, na vipande vyenyewe havikupangwa kwa safu. Ndiyo maana katika mwongozo huu sikuzipanga pazo kwa wingi wa vipande. Nimezipanga kwa kujiuliza kama mtu mzima aliyerudi kutoka kazini, mwenye meza moja ya kulia ambayo itahitajika tena asubuhi, atapumzika nayo au atakuwa amejiongezea kazi.

Pazo ilizaliwa ikiwa ya mbao. John Spilsbury, mchonga ramani wa London, katika miaka ya 1760 alibandika ramani juu ya ubao na kuukata kwa kufuata mipaka ya nchi, ili watoto wajifunze jiografia kwa mikono. Watu wazima waliingia kwa kishindo mwanzoni mwa karne ya 20, hasa Marekani kati ya 1908 na 1909, wakati kila pazo ilipokatwa kwa msumeno, kipande baada ya kipande, na kuuzwa ghali. Kadibodi inayokatwa kwa mashine ndiyo iliyoshusha bei katika miaka ya 1930 na kuisukuma mbao pembeni, hadi leza, mashine inayokata kwa mwanga mkali, ilipoirudisha.

Kabla ya kufika kwenye daraja zenyewe, inafaa mnunuzi ajue kipande kizuri kikoje mkononi. Kitazame ubavuni. Kikiwa cha plaiwudi, utaona tabaka zake kama kurasa za kitabu kilichofungwa, na ubavu wenyewe utakuwa na rangi ya kahawia iliyokolea, kwa kuwa leza hukata kwa kuunguza. Harufu hafifu ya moshi unapofungua boksi si kasoro. Kasoro ni masizi yanayobaki vidoleni hata baada ya kufuta vipande kwa kitambaa kikavu. Kisha pitisha ukucha kwenye ukingo wa picha: karatasi ikianza kubanduka siku ya kwanza, pazo ikishaunganishwa na kubomolewa mara tano hapatabaki picha ya kutazamwa. Mwisho, unganisha vipande vinne, shika kimoja cha pembeni na uvinyanyue. Kwa anayeanza, ninapendelea pazo ambayo vipande vyake hunyanyuka vyote pamoja bila kulazimishwa wakati wa kuvipachika. Pazo inayohitaji kugongwa kwa kisigino cha mkono ili kipande kiingie haimpumzishi mtu.

Aina ya ubao nayo ina uzito wake, na sisi tunaoishi pwani tunapaswa kuitazama kwa makini kuliko mtu wa Arusha au Nairobi. MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, hutoa mkato laini na uso ulionyooka kabisa, lakini ikilowa huvimba na hairudi ilivyokuwa. Nilipoteza pazo moja namna hiyo: masika moja niliiacha mezani karibu na dirisha, mvua ya usiku ikanyunyiza, na asubuhi vipande vya pembe ile vilikuwa vimevimba kama mkate uliochovywa kwenye chai. Mpaka leo haviingii mahali pake. Plaiwudi huvumilia unyevu wa hewa vizuri zaidi, ingawa iliyo nyembamba sana hupinda. Katika hali ya kawaida, mbao ina faida ambayo wauzaji hawaitaji: feni ya dari haipeperushi vipande.

Nafasi ya kwanza naipa pazo ya kiwandani ya vipande 200 hadi 300, iliyokatwa kwa leza, yenye vipande vya maumbo ndani yake. Mfano ninaoujua vizuri ni pazo za Wentworth, kampuni ya Uingereza iliyoanza mwaka 1994. Katika pazo za namna hii, baadhi ya vipande hukatwa kwa umbo la kitu kinachoendana na picha, hivi kwamba kwenye picha ya bandari unaweza kuokota nanga, samaki au ndege. Vipande hivyo havikuwekwa kwa ajili ya urembo pekee. Jioni moja niliokota kimoja chenye umbo la mtu anayepiga makasia, nikakiweka kando nikidhani ni pambo, na siku mbili nzima nikahangaika na maji ya bluu yasiyo na mwanzo wala mwisho. Kumbe yule mpiga makasia ndiye aliyekuwa kitovu cha maji yote, na kila kipande kilichomzunguka kilikuwa kimekatwa kwa kufuata mkono, kichwa au kasia lake. Tangu siku hiyo huanza na vipande vya maumbo kabla ya kutafuta pembe. Ukubwa huu hunichukua jioni tatu, hukaa kwenye kipande cha hadibodi ninachoweza kukisukuma chini ya kitanda, na bei yake, ingawa si ndogo, haimfanyi mtu aogope kuigusa.

Anayeishi nje ya Uingereza asiangalie bei ya dukani pekee. Mzigo ukifika Tanzania au Kenya, kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 18 kwa Tanzania na 16 kwa Kenya, hukokotolewa juu ya bei ya bidhaa ikiwa imejumlishwa na usafirishaji, bima na ushuru wa forodha, wala si juu ya bei uliyoiona kwenye tangazo. Ndugu anayekuja likizo akiwa na nafasi kwenye begi ni msaada mkubwa, na boksi la pazo ya vipande 250 halimlemei. Anayeishi Uingereza kwenyewe ana njia ambayo wengi wetu hatuna: iko maktaba ya kuazima pazo, British Jigsaw Puzzle Library, iliyoanzishwa mwaka 1933, ambayo hutuma pazo za mbao kwa wanachama wake kwa posta na huzituma bila picha ya kufuatisha. Kwa mtu huyo ningesema aazime kwanza, anunue baadaye.

Nafasi ya pili huenda ikamshangaza msomaji, kwa sababu naipa pazo ya kukatiwa na fundi wa leza wa hapa hapa mjini. Mafundi hawa wapo Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, na kazi zao za kila siku ni vibao vya majina, kadi za harusi na mapambo ya keki. Wengi wao hawajawahi kukata pazo, lakini mashine ni ileile. Unachohitaji kumpelekea ni picha yenye ubora wa kuchapishwa na faili ya mistari ya mkato, ambayo programu za bure za kwenye intaneti huitengeneza kwa dakika chache. Fundi hutoza kwa muda wa mashine, hivyo ni vizuri ujue unamwagiza nini. Picha ya sentimita 40 kwa 30, ikigawanywa katika vipande 300 vya takriban sentimita mbili kila upande, ina zaidi ya mita 11 za mkato hata kama mistari yote ingenyooka. Ukiongeza vichwa na matundu ya kuunganishia, utakaribia mita 17. Leza ikitembea milimita 10 kwa sekunde, hiyo ni karibu nusu saa ya mashine kufanya kazi mfululizo. Ukiomba vipande 600 kwenye ukubwa uleule, mkato utaongezeka kwa karibu nusu, na vipande vitakuwa vidogo kiasi cha kuchosha macho.

Kuna onyo moja hapa ambalo silirahisishi. Fundi atapendekeza achape picha yako kwenye stika ya plastiki, kwa kuwa ndiyo aliyoizoea, kisha aibandike juu ya ubao na kukata. Kataa. Stika nyingi za namna hiyo ni za vinyl, na vinyl ikiunguzwa na leza hutoa gesi ya asidi yenye klorini, ambayo hudhuru mapafu na kuila mashine yenyewe. Mwombe achapishe kwenye karatasi nzito, aipake gundi nyeupe ya mbao, aiweke chini ya uzito usiku kucha, ndipo akate kesho yake. Kama ana mashine ya kuchapa moja kwa moja juu ya ubao, ni bora zaidi. Na kabla ya kumkabidhi picha nzima, mlipe akukatie vipande tisa vya majaribio. Pazo yangu ya kwanza ya aina hii ilikatwa bila majaribio, kwa haraka yangu mwenyewe, na leza haikupenya mpaka chini: nilikaa Jumamosi nzima nikitenganisha vipande kwa wembe.

Uchaguzi wa picha ndio unaoamua kama utaipenda pazo hiyo. Michoro ya Tingatinga huja akilini mapema, na ina udugu wa zamani na ubao, kwani Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 alitumia rangi za enameli juu ya vibao vya mraba vya hadibodi. Hata hivyo, mchoro wa mnyama mmoja juu ya rangi moja ya nyuma ni mtego, maana nusu ya vipande vitakuwa njano tupu. Chagua ule uliojaa ndege, majani na madoa hadi pembeni, na kama msanii yu hai, mwombe ruhusa. Picha ya familia nayo hupendeza, mradi nyuma yao pasiwe na ukuta mweupe wala mbingu isiyo na wingu. Nguo za vitenge na kanga zinazotofautiana ndizo zinazomsaidia mtu kujua kipande ni cha shangazi au cha mjomba.

Tatu ni pazo nzito za kampuni ya Liberty, zinazotengenezwa Boulder, Colorado, Marekani, tangu 2005. Kwa ubora wa kitu chenyewe zingestahili kuwa juu kabisa. Plaiwudi yake ina unene wa robo inchi, yaani milimita sita na kidogo, na kipande kikitua mezani hutoa mlio mkavu kama kete ya bao ikiangukia shimoni. Mkato wake una maumbo mengi sana, wanyama, watu na vyombo, na baadhi huungana wenyewe kwa wenyewe na kutengeneza kisa kidogo ndani ya picha. Nimezishusha kwa sababu ya bei, kwani kubwa zake hupita dola 100 kabla hazijasafirishwa, na unene huohuo tunaousifu ndio unaoongeza uzito ambao msafirishaji atautoza. Ni zawadi nzuri ya kustaafu. Kwa anayetaka tu kujua kama burudani hii inamfaa, ni ghali mno.

Nne ni zile zenye umbo la mnyama, simba au kobe au bundi, ambazo hutangazwa sana kwenye simu. Hazina pembe wala ukingo ulionyooka, na rangi zake huvutia. Kama plaiwudi si nyembamba kupita kiasi, humfaa mwenye kufurahia maumbo. Soma vipimo kwa sentimita kabla ya kulipa. Mimi niliwahi kuletewa simba aliyetangazwa kwa picha ya mtu akimshika kwa mikono miwili, na boksi lilipofunguliwa alienea juu ya sahani ya chai, vipande vyake vikiwa vidogo kuliko maharage. Muuzaji hakuwa amedanganya, kwa kuwa vipimo vilikuwa vimeandikwa chini kabisa ya tangazo.

Za mwisho kwenye orodha yangu ni zilizokatwa kwa mkono, na mahali hapo hapana dharau yoyote. Kampuni ya Stave, ya Vermont, Marekani, imekuwa ikizikata kwa msumeno tangu 1974, huziuza bila picha kwenye boksi, na bei zake huanzia mamia ya dola na kufika maelfu. Zimejaa ulaghai wa makusudi: pembe za uongo, kingo zinazoangukia katikati, vipande vinavyokubali mahali pasipo pake. Anayezinunua anatafuta kushindana na mkataji, na hilo ni jambo tofauti na kupumzika.

Sikuzipa nafasi pazo za trei za watoto wala vifurushi vya vipande vya plaiwudi vya kuunda mifano ya saa na magari, ambavyo ni useremala mdogo wenye raha yake.

Yoyote utakayoichagua, muulize muuzaji kabla ya kulipa kama hutengeneza upya kipande kilichopotea, na kwa fundi wa mtaani hifadhi faili ya mkato na ya picha kwenye simu yako, maana yeye atazifuta. Siku ya kuibomoa, ihesabu kwa makumi ukiitia kwenye mfuko wa kitambaa, na uandike idadi kwenye kikaratasi ndani ya boksi. Kipande kinachokosekana mara nyingi kiko chini ya friji, na ni rahisi kukipata usiku huohuo kuliko baada ya sakafu kupigwa deki.