Dawn ya Octavia Butler: nakala ipi ununue mjini, na wapi wasomaji hukwama

Riwaya nyingi za kale za binadamu kutekwa na viumbe wa sayari za mbali huweka kizimba wazi. Planet of the Apes ya Pierre Boulle, ya 1963, ina vyuma na majani ya kulalia. Slaughterhouse-Five ya Kurt Vonnegut, ya 1969, inamweka mhusika wake Billy Pilgrim uchi kwenye bustani ya wanyama, watazamaji wakimshangaa. Dawn, iliyotoka 1987, inazipita zote, na sababu ni kwamba watekaji wake ni wapole.

Lilith Iyapo anaamka ndani ya chumba kisicho na mlango wala dirisha, miaka 250 baada ya vita vya nyuklia kuangamiza watu duniani. Waoankali, viumbe waliofunikwa minyiri kama ya pweza, ndio waliomwokoa na kumtoa saratani tumboni, bila kumwuliza. Angalia suala la kalamu na karatasi. Lilith anaziomba ajifunze lugha yao, ananyimwa. Wanachotaka wao ni kumbadilisha ubongo ili akumbuke bila kuandika. Hakuna anayempiga wala kumtukana, lakini hapo ndipo unaelewa mfungwa ni nani. Butler anaijenga hali hiyo polepole, na sijaona mwandishi mwingine wa fani hii aliyeiweza hivyo.

Wasomaji wengi huachia sehemu ya kwanza kati ya nne, kwa kuwa wanangoja vita na bunduki. Havipo. Sehemu hiyo kwa kiasi kikubwa ni Lilith na Jdahya, Muoankali wa kwanza anayemjia chumbani, mwanamke akijilazimisha kumkaribia kiumbe ambaye mwili wake yeye Lilith unamkataa. Isome kwa mkao mmoja. Ukiikata vipande hofu inapoa na mazungumzo yanaonekana marefu. Tatizo la pili ni majina. Jdahya, Kahguyaht na Nikanj huchanganyika haraka, na jinsia za Waoankali ni tatu. Ya tatu, ooloi, ndiyo inayochanganya jeni. Andika majina kwenye kikaratasi ukitumie kama alama ya ukurasa, na ukifika sehemu ya tatu, Lilith anapoanza kuwaamsha wanadamu wenzake, hutakihitaji tena.

Sasa nakala. Dawn peke yake ina kurasa kama 250. Lilith's Brood inaunganisha riwaya zote tatu za mfululizo huu, Dawn ikiwa ya kwanza, zaidi ya kurasa 700. Ukigawa bei kwa kila riwaya, hiyo ya pamoja kwa kawaida ndiyo nafuu, ila mgongo wake hauvumilii safari ya matatu. Ukiikunja kwa mkono mmoja ukiwa umeshika chuma kwa mwingine, gundi inapasuka katikati na kurasa zinaanza kutoka. Msomaji wa safarini achukue Dawn pekee.

Kwa wachuuzi wanaotandaza vitabu vya mitumba kwenye barabara za Tom Mboya na Moi Avenue jijini Nairobi, fungua kitabu katikati kabla ya kutaja bei. Ukisikia mlio mkavu, gundi imekauka kwa jua. Kisha tazama kama mwanzo wa kila sehemu upo: Womb, Family, Nursery, The Training Floor. Kurasa za mwisho ndizo hupotea kwanza, na hiki si kitabu cha kukosa mwisho. Nakala za wizi hujulikana kwa wino hafifu na mistari inayomezwa na mgongo. Hizo ziache, macho yatachoka upesi.

Jalada lisikupoteze. Toleo la zamani la Marekani lilichorwa mwanamke mzungu, ilhali Lilith ni mwanamke mweusi. Maandishi ya ndani ni yaleyale, kwa hiyo likiwa zima linunue tu.

Usimpe mtoto wa shule ya msingi. Kuna jaribio la ubakaji, kuna mauaji, na swali la ridhaa ya mwili halifunikwi. Kwa kidato cha nne kwenda juu, sawa, hasa akiwa na mtu mzima wa kuzungumza naye.

Ukimaliza, tafuta Adulthood Rites ya 1988 mapema, kabla wahusika hawajafifia kichwani. Humo anayetekwa ni mtoto wa Lilith, na watekaji ni binadamu.