Nimesoma siasa na uhusiano wa kimataifa miaka mitatu, haya ndo maoni yangu

Wadau, msimu wa kuomba vyuo ndo huu na kila wiki napigiwa simu na mdogo wa mtu katoka HGL au HKL (michepuo ya sanaa ya fomu siksi), shikamoo kaka, eti hiyo kozi ya siasa na mambo ya kimataifa ikoje, inalipa? Basi leo naandika yote kwa mkupuo. Mi nilisoma chuo kimoja hapa Dar, jina naliacha, ada ilikuwa milioni moja na kidogo kwa mwaka, bodi ya mikopo ikabeba sehemu na iliyobaki mama akawa anauza mpunga kule Kyela anatuma. Kwa hiyo nikisema kozi ina thamani au haina, mjue ndani yake kuna jasho la mama yangu, sisemi tu.

Mwaka wa kwanza naupitia haraka maana kiukweli ulinichosha. Ukumbi mmoja watu zaidi ya mia tatu, kipaza sauti kinakatakata, waliokaa nyuma wanapiga picha slaidi, afu ni nadharia mwanzo mwisho, uhalisia, uliberali, umaksi, mizania ya nguvu, unakrem jina la mzungu na mwaka aliosema unaenda kumwaga kwenye UE (mtihani wa mwisho wa muhula) unasahau. Madesa (notisi za kopi) ya steshenari ni yale yale ya miaka nenda rudi, juzi nimepita pale nikakuta bado wanauza desa linalosema Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi tano, wakati Sudan Kusini iliingia 2016, Kongo 2022, Somalia 2024, zipo nane sasa! Mtoto anayejibia desa hilo anafeli na hela ya kopi ameshatoa.

Ila mwaka wa pili ndo nikaelewa kwa nini hii kitu inasomwa. Kulikuwa na somo la sera ya nje ya Tanzania, na mwalimu wake (Mungu ampe maisha marefu) hakuja na slaidi hata moja. Semina ya kwanza akatugawa makundi akasema, leo ni Februari 1965, nyie mko wizara ya mambo ya nje, Ujerumani Magharibi wanasema ukiitambua Ujerumani Mashariki tunaondoka na misaada yetu, na Zanzibar tayari ilishawatambua hao wa Mashariki tangu mapinduzi ya 1964, Muungano hata mwaka haujafika, mshaurini Rais. Yani tulikaa kimya dakika tano nzima. Ukikubali masharti ya Magharibi unawavunja wenzako wa Zanzibar, ukikataa unapoteza hela na wakufunzi wa jeshi. Kundi letu likapendekeza tuwaruhusu wa Mashariki wafungue konseli kuu Dar (ofisi ya chini ya ubalozi), sio ubalozi wenyewe, tukaona tumepata njia ya katikati, kumbe ndo kilichofanyika kweli, na Magharibi wakakasirika vile vile wakaondoa msaada wa kijeshi, na Mwalimu Nyerere akawajibu basi chukueni na mingine iliyobaki.

Hatujamaliza kushangaa akatupeleka Desemba ya mwaka ule ule. Ian Smith, kiongozi wa walowezi wa kizungu, ametangaza uhuru wao kule Rhodesia (Zimbabwe ya leo) iliyokuwa koloni la Uingereza, OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) imeazimia kuvunja uhusiano na Uingereza kama hawatachukua hatua, nchi nyingi zilizopiga kelele kikaoni zikanywea, Tanzania ikavunja kweli, na mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5 ukaganda. Mpaka 1968 ndo uhusiano ukarudi. Mwalimu wetu wa semina akauliza swali moja tu, je ilikuwa sahihi? Tulibishana mpaka mlinzi akaja kufunga darasa, na mi mpaka leo nasema ilikuwa sahihi, lakini kuna dada mmoja kutoka Mtwara alinibana kwa hoja ya bajeti nikakosa la kumjibu, na sijapata jibu zuri bado.

Hapo ndo nadharia za mwaka wa kwanza zikaingia damuni. Kura ya turufu nilikuwa naijua kama mistari ya kwenye desa, nchi tano zenye viti vya kudumu Baraza la Usalama, mmoja akikataa jambo halipiti, basi. Ila ukisikia kwamba 1981 mwanadiplomasia wetu Dkt. Salim Ahmed Salim aligombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa na Marekani ikamzuia kwa turufu mara kumi na sita, huku China nayo ikimzuia Waldheim aliyekuwa katibu mkuu wakati huo, mpaka kiti kikaenda kwa Pérez de Cuéllar wa Peru, hiyo hausahau tena. Na kusoma haya ukiwa Dar ni tofauti kabisa na kuyasoma mahali pengine, FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, imeundwa hapa hapa 1962, Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikaa hapa tangu 1963 mpaka 1994, Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, kauawa hapa hapa Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Unapanda daladala kurudi geto unapita kwenye mitaa ambayo ndo ulikuwa unaisoma mchana.

Sasa yanayouma. La kwanza lugha. Tunafundishwa kwa Kiingereza, semina wanaongea watu sita wale wale waliosoma shule za mchepuo wa Kiingereza, wengine wanainama. Mkitoka tu mkakaa kwa mama ntilie, wale wale waliokuwa kimya wanachambua mamlaka ya dola na mgogoro wa mashariki ya Kongo mpaka wali unapoa. Akili ipo, ni mlango tu umefungwa! Na cha ajabu kozi ina neno kimataifa ila sisi hatukufundishwa hata lugha moja ya kigeni kwa lazima, Kifaransa ilikuwa ya hiari na inagongana ratiba na somo la takwimu, uchague. Nilichagua takwimu. Ukienda kuomba kazi kwenye shirika linalofanya kazi Burundi au Kongo wanakuuliza Kifaransa, unabaki unatazama.

La pili matokeo. Kuna muhula kozi weki (maksi za majaribio na kazi za darasani) zilitoka siku mbili kabla ya UE, ukikuta huna maksi unakimbizana na ofisi tatu zinazotupiana mpira, rafiki yangu mmoja karudia somo ambalo karatasi yake ya jaribio aliifanya na tulikaa dawati moja. Hilo halijawahi kunitoka.

Kuhusu ajira nisiwadanganye, nafasi za wizara ya mambo ya nje ni chache sana na kila mtu kwenye Ajira Portal (tovuti ya kuomba kazi serikalini) anazitaka. Wenzangu ninaowajua mmoja ni mtendaji wa kata, wawili wako asasi za kiraia, mmoja kampuni ya kutoa mizigo bandarini na anasema lile somo la mikataba ya kimataifa linamsaidia kuliko alivyotegemea, wengine bado wanatafuta. Mi mwenyewe naandika ripoti za mradi wa masoko ya mpakani, Tunduma na Mutukula, na kila siku natumia kitu cha mwaka wa pili, naangalia kanuni ya jumuiya inasemaje, nani aliikubali, nani anapoteza ikitekelezwa.

Kama unachotaka ni ubalozi moja kwa moja, ulizia pia Chuo cha Diplomasia pale Kurasini, kilianzishwa 1978 kwa ushirikiano na Msumbiji na sasa kina jina la Dkt. Salim, kule lugha za kigeni zinafundishwa na wamejikita kwenye kazi yenyewe. Ila kama unataka kusoma kwa upana chuo kikuu, mi naipa nyota tatu na nusu kati ya tano, nyota nzima na nusu humo ni ya mwalimu mmoja wa mwaka wa pili.

Mdogo wangu yuko fomu siksi Mbeya, anaiwaza hii kozi. Nimeshamwambia aanze Kifaransa likizo hii hii, na lile daftari la semina za 1965 nimelitoa kwenye boksi nimelipeleka na basi la Jumamosi.